Moyo na Damu katika Historia ya Wameru na Waembu

Historia ya elimu ya mwili wa mwanadamu katika nchi ya Meru na Embu huhesabiwa mara nyingi tangu kufika kwa misheni: Kigari mwaka 1910, kisha Chogoria mwaka 1922, alipofika Dkt. Clive Irvine wa Kanisa la Scotland na kuanzisha hospitali. Kwa upande wa majengo na dawa, hesabu hiyo ni sawa. Kwa upande wa fikra ina upungufu, kwani mafundisho ya daktari yaliingia katika lugha zilizokuwa na mengi ya kusema juu ya moyo na damu.

Moyo huitwa nkoro kwa Kimeru na ngoro kwa Kiembu. Kama lilivyo neno la Kiswahili, maneno hayo hutaja kiungo, na pia makao ya nia, hasira na huruma. Kiungo chenyewe hakikuwa kigeni. Mchinja mbuzi aliukuta moyo kati ya mapafu, akaona mishipa minene iliyouunga, na akiupasua alikuta vyumba vyake vinne. Damu aliyoikinga ilitiwa katika mutura.

Jambo ambalo machinjo hayawezi kuonyesha ni mwendo wa damu, maana mnyama akisha kufa damu yake haizunguki tena. Fumbo hilo liliwashinda wengi kwingineko pia. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis alieleza jinsi damu itokavyo upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, na kurudi upande wa kushoto. Mwaka 1628 William Harvey alionyesha kwamba damu huzunguka mwili mzima, ikisukumwa na moyo. Chembe nyekundu zilingoja darubini; Antoni van Leeuwenhoek alizieleza mwaka 1674. Leo yajulikana kuwa chembe hizo huzaliwa katika uboho wa mifupa, hubeba oksijeni, na huishi kwa siku 120 hivi. Chembe nyeupe huukinga mwili na maradhi.

Hata hivyo, damu ilikuwa na historia nyingine huko Meru, nayo ni ya sheria na undugu. Miongoni mwa Wameru na baadhi ya majirani zao kulikuwako gichiaro, neno litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuzaa. Kwa gichiaro, watu wasiozaliwa pamoja walifanywa ndugu. Waliofungwa nacho hawakuruhusiwa kumwagana damu, na kila upande ulipaswa kuupokea na kuusaidia mwenzake wakati wa shida.

Hapo ndipo elimu mbili zinapokutana, na kukutana kwenyewe si jambo dogo. Mwaka 1901 Karl Landsteiner aligundua kwamba damu za watu ni za makundi mbalimbali. Ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana kwa kundi, na mgeni akalingana na mgonjwa. Jamaa aliyefika hospitalini kumtolea nduguye damu, akaambiwa tu kuwa damu zao hazipatani, aweza kusikia kwamba undugu wao unakanwa. Katika hali kama hiyo neno lililochaguliwa vibaya laweza kuvunja heshima ya nyumba, au kumfanya mtu aondoke wakati damu yake ingemfaa mgonjwa mwingine.

Gichiaro chaweza kumsaidia mfasiri wa maneno ya daktari. Wazee waliokifunga walikwisha kukubali kwamba undugu haukomei kwenye uzazi, na kwamba mtu wa mbali aweza kuwa tegemeo la uhai. Aelezaye makundi ya damu kwa msingi huo hana haja ya kubomoa fikra ya zamani ili ajenge mpya.

Funzo hilo lawahusu pia watungaji wa istilahi. Kiswahili husema chembe cha moyo kwa maana ya mahali chini ya kidari, wala si sehemu ya moyo wenyewe. Mwanafunzi aliyezoea msemo huo aweza kupotea akisoma habari za chembe za damu. Basi istilahi ya tiba haina budi kupimwa kwanza katika masikio ya wale itakaowatumikia.