"Azima" yetu moja, Kiingereza wanayo mawili

Hapa Bodo mimi huletewa barua na hati za mapatano nizipitie kabla hazijapelekwa ofisini. Kosa ninalolikuta zaidi si la tahajia. Ni la "borrow" na "lend", na chanzo chake ni Kiswahili chetu wenyewe.

"Azima" hubeba pande zote mbili. Nikisema "nimeazima mtumbwi kwa Ali", mtumbwi ni wa Ali. Nikisema "nimemwazima Ali mtumbwi", mtumbwi ni wangu. Hiyo "-mw-" ndogo ndiyo inayotuonyesha mwenye mali. Kiingereza hakina kitu kama hicho ndani ya kitenzi, kwa hiyo kimegawa kazi: anayechukua ana "borrow", anayetoa ana "lend".

Anayeandika "I borrowed Ali my engine" atamfanya karani akune kichwa tu. Wa kuhurumiwa ni yule aliyekariri shuleni kwamba "borrow" hufuatwa na "from", akaandika "I borrowed the engine from Ali". Kiingereza hicho hakina doa, ila mashine yake mwenyewe ameshaiandika kuwa ya Ali, na sahihi yake iko chini. Siku wakigombana mbele ya chifu, karatasi itasomwa kama ilivyo. Alitakiwa aandike "I lent the engine to Ali". (Ni "lent", jamani, si "lended".)

Ukikwama, iweke kando "azima" na ufikirie pesa. Kama ungesema "nimekopa", andika "borrow". Kama ungesema "nimekopesha", andika "lend". Hapo Kiswahili hakitakuangusha.

Kwenye nyumba mambo ni kinyume. Sisi tunatenganisha kupanga na kupangisha, lakini "rent" yao ni moja. "I rent a house in Ukunda" haisemi kama wewe ni mpangaji au mwenye nyumba. Mpangaji aongeze "from", mwenye nyumba aandike "rent out" au "let", ile ya kwenye vibao vya "To Let" ambavyo watoto hawachoki kuvichomekea herufi "i" katikati.

Tena itazame tarehe ya kurudisha, maana "mpaka" nayo ina mitego. "Keep it until Friday" ni kaa nacho mpaka Ijumaa. "Return it by Friday" ni kirudi Ijumaa au kabla yake, isipite. Katika hati ya kuazimana, inayomlinda mwenye chombo ni "by".