Wanasosholojia Walioandika Riwaya: Katama Mkangi na Chachage S. L. Chachage

Utangulizi

Mpenzi msomaji, uwe mwalimu au mtahiniwa, huenda umewahi kukutana na jibu la aina hii: mwandishi alisomea sosholojia, kwa hivyo ameandika kuhusu jamii. Jibu hili halina uzito. Ni mwandishi gani asiyeandika kuhusu jamii? Swali la maana ni hili: aliyesomea sosholojia, yaani elimujamii, huitazama jamii kwa jicho gani, na jicho hilo linadhihirika wapi katika kazi yake? Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kuwarejelea wasomi wawili wa Afrika Mashariki.

Usuli

Taaluma za kuchunguza jamii zilipowafikia wasomi wetu, ziliwafikia kwa Kiingereza. Mathalani, Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia, taaluma iliyo jirani ya sosholojia, katika London School of Economics miaka ya 1930. Mwalimu wake alikuwa Bronislaw Malinowski. Kitabu chake, Facing Mount Kenya (1938), kiliutetea utamaduni wa Wagikuyu mbele ya wasomaji wa Kizungu. Hata hivyo, mwanakijiji asiyejua Kiingereza hangeweza kusoma yaliyoandikwa kumhusu. Tatizo hili ndilo linaloipa kazi ya Mkangi na Chachage umuhimu wake.

Katama Mkangi

Katama Mkangi, mwana wa Pwani ya Kenya, alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na akafundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Riwaya yake ya Ukiwa ilitoka mwaka 1975. Mwaka 1983 alichapisha kwa Kiingereza utafiti wake kuhusu Wataita, uliochunguza gharama ambayo jamii hulipa kutokana na familia ndogo na mageuzi ya umilikaji wa ardhi. Mwaka uliofuata, 1984, alitoa Mafuta, riwaya ya Kiswahili.

Zingatia miaka hiyo miwili. Kitabu cha kwanza kiliwafikia wasomi wenzake. Cha pili kingeweza kusomwa na mwanafunzi wa Taveta au Msambweni bila mkalimani. Hatuna haja ya kubuni alichowaza mwandishi. Uchaguzi wa lugha wenyewe unatosha kuwa ushahidi wa hadhira aliyoilenga.

Mwaka 1986 Mkangi alitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, wakati serikali ilipokuwa ikiwaandama walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya. Walenisi ilitoka mwaka 1995. Mwaka 1997 aliwania urais kwa tiketi ya Kenya National Congress, akashindwa. Alifariki mwaka 2004.

Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa anafika Walenisi, nchi yenye haki na usawa. Mwanafunzi wa Kwale atalitambua jina Dzombo mara moja, kwa kuwa lipo huku kwetu, upande wa Lunga Lunga. Jina la nchi nalo, ukilitenganisha, ni "wale ni sisi". Hapa ndipo jicho la mwanasosholojia linapoonekana. Mkangi hasemi kwamba watu wa Walenisi wamezaliwa wema kuliko sisi. Kama wale ni sisi, basi kinachotutofautisha nao ni mpangilio wa jamii: nani anamiliki nini, nani anaamua, nani anafaidi jasho la nani. Mpangilio uliowekwa na binadamu unaweza kubadilishwa na binadamu.

Tahadhari, hata hivyo. Usiandike kwamba Dzombo ni Mkangi. Dzombo alihukumiwa, Mkangi alizuiliwa bila kesi. Tajriba ya mwandishi inaweza kutupa mwanga, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya matini.

Chachage S. L. Chachage

Nchini Tanzania, Chachage alikuwa profesa wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2006. Aliandika Sudi ya Yohana (1981), Kivuli (1984), Almasi za Bandia (1991) na Makuadi wa Soko Huria (2002). Riwaya hii ya mwisho inagusa mradi wa kufuga kambamiti katika delta ya Rufiji, na inahoji nani hunufaika mali ya wananchi inapokabidhiwa wawekezaji. Neno "makuadi" katika anwani limebeba hukumu nzima: kuadi hauzi kilicho chake, hupata ujira kwa kumuuza mwingine.

Funzo kwa darasa

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wetu hapa Kona ya Musa hawahitaji kusafiri hadi Rufiji ili waelewe. Wanazijua hoteli za Diani, na wanawajua maskwota waishio karibu nazo. Walisikia habari za familia zilizohamishwa Nguluku kupisha uchimbaji wa titani, uchimbaji uliokoma mwaka 2024. Waelekeze waulize: je, umaskini wa mhusika huyu ni kosa lake, au kuna utaratibu unaouzalisha? Nani anaulinda utaratibu huo? Kisha wadai ushahidi wa kila jibu kutoka ndani ya riwaya.

Hitimisho

Tumeona kwamba shahada ya mwandishi si hoja katika uhakiki. Hoja ni namna anavyouhusisha uchungu wa mtu mmoja na mfumo wa jamii nzima. Mkangi na Chachage walifanya hivyo kwa lugha ambayo wahusika wenyewe wangeweza kuisoma na kuibishia.

Maswali ya kudurusu

1. "Wale ni sisi." Jadili ufaafu wa anwani Walenisi.
2. Fafanua jinsi anwani Makuadi wa Soko Huria inavyodokeza msimamo wa mwandishi.
3. Je, wasifu wa mwandishi una nafasi gani katika uhakiki? Tetea jibu lako kwa kurejelea riwaya moja uliyoisoma.