Sukari ya asubuhi: usiridhike na 6.4

Mimi ni muuguzi, na swali ninaloulizwa zaidi baada ya kupima watu ni hili: "Nimepata 6.4, nina sukari au sina?" Bado huna. Shida ni kwamba wengi huondoka na lile "huna" peke yake, wakaliacha "bado" pale mlangoni.

Kwanza tuelewane juu ya kipimo chenyewe. Damu hutolewa asubuhi, baada ya angalau saa 8 bila kula wala kunywa chochote ila maji. Hii si saumu, kwa hivyo maji kunywa. Kahawa tungu iache, hata ikiwa haina sukari. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 6.1 ni kawaida, 6.1 hadi 6.9 ni katikati, na 7.0 kwenda juu ni kisukari, ingawa asiye na dalili hurudiwa kupimwa siku nyingine. Chama cha kisukari cha Marekani ni kikali zaidi: huanza kuhesabu hatari kwenye 5.6. Na mashine uliyoletewa kutoka ng'ambo ikikuonyesha 115, usishtuke. Hiyo inasoma kwa mg/dL. Gawanya kwa 18, utapata hiyo hiyo 6.4.

"Jana nililala bila kula, mbona imepanda?" Sababu ni ini. Usiku ini hutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose nguvu, na karibu na alfajiri homoni hulisukuma litoe zaidi. Insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo breki yake. Mafuta yakizidi tumboni na ndani ya ini, breki haishiki vizuri. Kongosho huongeza insulini, na kwa miaka namba huonekana nzuri, mpaka lichoke. Ukiiona 6.4, jua hayo yameanza zamani.

Yanarudishika lakini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, wa watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya katikati, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin walipunguza kwa asilimia 31. Miguu ilishinda dawa.

Kwetu Pwani mimi huanzia kwenye chai ya asubuhi. Mbaazi hazina lawama, zina nyuzinyuzi na protini. Lawama ni ya mahamri matano na chai ya vijiko vitatu. Kula mawili, ongeza mbaazi.

Mwenye 6.4 arudie kipimo maabara, kisha apime kila mwaka. Anaweza pia kuomba HbA1c, inayoonyesha wastani wa miezi mitatu na haihitaji kukaa na njaa, 6.5 kwa mia ni kisukari. Ukiwa na selimundu au upungufu wa damu, mwambie daktari mapema, kwani kipimo hicho huweza kudanganya.

Na mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu, asingoje asubuhi. Akipimwa wakati wowote na kufika 11.1, pamoja na dalili hizo, ni kisukari.