Baridi Yabisi na Chakula cha Mgonjwa

Mtu wa pwani anaposema kwamba viungo vyake vimeshikwa na baridi yabisi, hutamka kwa maneno mawili tu elimu kongwe ya utabibu, iliyotoka Uyunani ikapokewa na kukuzwa na wanavyuoni wa Baghdad na Uajemi, hata ikafika kwetu pamoja na vitabu vya Kiarabu na kukaa katika lugha kama mwenyeji. Kwa mujibu wa elimu hiyo, aliyoifundisha Jalinusi katika karne ya 2, na ambayo Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipanga katika kitabu chake Al-Qanun, mwili una asili nne: damu, yenye moto na rutuba, balghamu, yenye baridi na rutuba, safura, yenye moto na ukavu, na sauda, ambayo tabia yake ni baridi na yabisi. Zikilingana, mtu huwa na siha. Moja ikizidi, mizaji, yaani ulinganifu huo, huharibika. Jina la maradhi haya, basi, ni hukumu ya tabibu.

Hukumu hiyo ilitaka dawa iliyo kinyume chake, na dawa ya kwanza ilikuwa jikoni. Aliyezidiwa na baridi alihimizwa asali, tangawizi na pilipili manga, ambavyo ni vitu vya moto, na akakatazwa matango na mtindi. Ndiyo maana mtabibu wa mizaji hakuridhika kuuliza panapouma, aliuliza pia, "Umekula nini?"

Ulaya ilishika njia nyingine. Mwaka 1800, Augustin Jacob Landré-Beauvais, tabibu wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alieleza hali za wanawake 9 waliovimba viungo kwa namna isiyofanana na jongo. Na mwaka 1859 Mwingereza Alfred Baring Garrod akayapa maradhi hayo jina lake makhususi. Baadaye ilibainika kwamba asili yake si baridi, bali ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe na kuushambulia utando wa viungo. Dawa ya kotisoni ilipotumiwa mara ya kwanza kwa wagonjwa hawa, mwaka 1948 huko Marekani, na waliokuwa hawawezi kusimama wakatembea, suala la chakula lilionekana dogo.

Hata hivyo halikufa. Mwaka 1991 matabibu wa Norwei walitangaza tajriba ambayo ndani yake wagonjwa 27 walifunga siku 7 hadi 10, wakijikimu kwa chai za majani na maji ya mboga, kisha wakala vyakula vya mimea, mwanzoni bila maziwa wala ngano, ilhali wengine 26 waliendelea na mlo wao wa kawaida. Wale wa kwanza walipungukiwa na uvimbe, maumivu na ukakamavu wa asubuhi, na nafuu hiyo ilikuwapo bado ulipotimia mwaka. Tajriba nyingine zimeonyesha kwamba mafuta ya samaki, yale yaitwayo omega 3, hupunguza maumivu na ukakamavu huohuo.

Hapa pana zingatio kubwa, kwa kuwa vitabu vya tiba ya Kiyunani vilimhesabu samaki kuwa chakula cha baridi na rutuba. Na tabibu aliyevifuata barabara angemwondolea mgonjwa vibua na dagaa, ambao wamejaa mafuta hayo. Wazee walikosea katika sababu, wakapata katika swali.

Chakula hakiondoi maradhi haya, wala haifai mtu aache dawa za hospitali kwa kutumaini tangawizi, kwani kiungo kilicholika hakirudi kama kilivyokuwa. Lakini mgonjwa anayemeza dawa zake kwa wakati, kisha akala samaki na mboga, ana haki ya kuulizwa na tabibu wa leo lile swali la kale: "Umekula nini?"