Vidonge Vikishindwa, Msikate Tamaa

Hapa Kaptembwo mgonjwa wa huzuni asiyepona kwa vidonge, wengine husema amerogwa. Sivyo.

Mwaka 1962, Calvin Stevens wa Marekani alitengeneza ketamini. Ikawa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, hata wa akina mama wanaojifungua. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza jinsi wagonjwa wachache wa huzuni walivyotiliwa kiasi kidogo mshipani, wakapata nafuu ndani ya siku 3.

Lakini nafuu hiyo haidumu, na dawa hupandisha presha. Hutolewa hospitalini chini ya uangalizi, si dukani.

Vidonge vikishindwa, mrudishe mgonjwa kliniki. Akitaja kujiua, usimwache peke yake.