Akiba Haiozi: Jumba la Sanaa la Makerere na Somo Lake kwa Kigali

Mgeni akiuliza hapa Kigali aende wapi kutazama michoro, wengi wetu tutamwelekeza Kacyiru. Huko ndiko Collin Sekajugo alikoanzisha Ivuka mwaka 2007, na huko ndiko ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, walikofungua Inema mwaka 2012. Sijawahi kumsikia mtu akimwelekeza mgeni chuo kikuu. Katika insha hii ninaeleza historia iliyotufikisha hapa, na kwa nini naamini chuo kina kazi ambayo Kacyiru haiwezi kuifanya. Mfano wangu ni jirani yetu, Makerere.

Mwaka 1937 Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji mjini Kampala, kwenye baraza ya nyumba yake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Darasa lile lilikua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Walipita hapo Gregory Maloba kutoka Kenya, na Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Tanganyika. Jumba la sanaa la chuo lilikuja baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 1960, shule ikiwa chini ya Cecil Todd.

Mfuatano huu una maana. Kabla jumba halijajengwa, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuifikisha sanaa kwa wananchi. Mnara wa Uhuru uliosimama Kampala tangu 1962 ni kazi ya Maloba. Njau alichora ukutani mwa kanisa huko Murang'a mwaka 1959, kisha mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, Nairobi. Kwa hiyo kuonyesha peke yake hakukuhitaji jumba. Jumba lilihitajika ili kazi za wanafunzi zisipotee, na anayejifunza leo aone aliyemtangulia alifikia wapi. Wahenga walisema akiba haiozi.

Akiba hiyo ilijaribiwa. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, na miaka iliyofuata walimu wengi waliondoka Uganda. Hata hivyo sanaa haikukoma Makerere. Katika miaka ya 1980 Francis Nnaggenda alichonga kutoka kwenye gogo sanamu ya majeruhi wa vita, mwili uliopungukiwa viungo, nayo ikawekwa ndani ya maktaba kuu ya chuo. Mwanafunzi anayekwenda kusoma sheria au kilimo anapita mbele yake. Sisi Wanyarwanda hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini mahali pa kusomea panafaa kuwa na kitu kama hicho.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Shule ya sanaa ya Nyundo, karibu na Gisenyi, ilianzishwa mwaka 1952, nayo ni shule ya sekondari. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa mwaka 1963 kiliwekwa Butare, upande wa pili wa nchi. Tangu mwanzo, basi, mahali pa kuchorea na mahali pa utafiti palikuwa mbalimbali. Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Baada yake, majumba ya sanaa ya Kigali yalianzishwa na wasanii wenyewe.

Wasanii hao wanastahili heshima. Ivuka, jina lenye maana ya kuzaliwa, ilianzisha kikundi cha ngoma cha watoto kiitwacho RwaMakondera. Inema, jina ambalo Mswahili atasikia ndani yake neno neema, imewapa akina mama mafunzo ya kazi za mikono. Jumba la chuo lililo nyuma ya geti la askari lingeona taabu kuwavuta watu namna hiyo.

Lakini nyumba inayoishi kwa mauzo haiwezi kujiwekea kila kitu. Mchoro mzuri hununuliwa, hufungwa vizuri, hupanda ndege. Msanii amepata ada ya watoto wake, na hana kosa. Aliyepoteza ni kijana atakayeanza kuchora miaka ishirini ijayo, akitaka kujua kizazi cha kwanza baada ya 1994 kilichora nini, kwa rangi gani na kwa nini.

Mwenzangu anaweza kuniambia kwamba tangu mwaka 2018 tunayo Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda pale Kanombe, katika iliyokuwa ikulu. Ni kweli, na ni hatua kubwa. Lakini makumbusho hutafuta kazi iliyokamilika. Chuo kinaweza kuhifadhi hata jaribio la kwanza na mchoro uliofutwa mara tatu, kisha kuviweka mezani mbele ya darasa.

Tena hatuhitaji kungoja jengo. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma, kina shule ya usanifu majengo hapa Kigali, na wanafunzi wake huchora kila siku. Napendekeza chumba kimoja chenye mlango unaoelekea barabarani, daftari la kumbukumbu, na kanuni kwamba kila anayehitimu anaacha kazi moja. Wasanii wa Kacyiru waombwe kuacha moja kila mwaka, na akina mama wa Kirehe wanaotengeneza imigongo waalikwe kama walimu, walipwe kama walimu. Trowell alianza na baraza tu, na chumba tunacho.