Majahazi ya Sur, Bendera ya Ufaransa na Sheria za Usimbaji

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mabaharia wa Sur, bandari kuu ya Sharqiyah ya Oman, walifika Zanzibar na upepo wa kaskazi wakileta tende na samaki wa chumvi, na kusi ikawarudisha kwao na shehena ya boriti. Baadhi yao walibeba pia watumwa, na kwa ajili hiyo manowari za Uingereza zilisimamisha na kupekua majahazi. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Basi wenye majahazi wa Sur walichukua hati katika makoloni ya Kifaransa kama Obock na Mayotte, wakatweka bendera ya Ufaransa, huku nyumba zao zikiwa Sur na wao wakiwa raia wa Sultani wa Oman. Kisa hicho kinatufunza jambo lililowafika waandishi wa programu huria karne moja baadaye: sheria ya nchi moja inayofunga mlango mpakani haikizuii kitu, hukihamishia tu chini ya sheria ya nchi nyingine.

Hadi mwaka 1996 Marekani iliweka programu za usimbaji, yaani za kuficha ujumbe kwa funguo za siri, katika orodha moja na silaha. Philip Zimmermann alitoa PGP, programu ya kusimba barua pepe, mwaka 1991, ikaenea nje, naye akachunguzwa karibu miaka 3 bila kushtakiwa. Kampuni zilipata ruhusa ya kuuza nje kwa kudhoofisha funguo hadi biti 40. Lakini programu huria huandikwa hadharani na watu wa nchi nyingi, na kuweka msimbo wa programu kwenye intaneti kulihesabiwa kuwa ni kuusafirisha nje. Kazi ikahama. Maktaba ya usimbaji SSLeay, iliyozaa OpenSSL, iliandikwa Australia. Mfumo endeshi wa OpenBSD ukaendeshwa kutoka Kanada. Mradi wa mfumo huria Debian ukatenga vifurushi vya usimbaji kwenye seva zilizo nje ya Marekani. Waliobaki nyuma ni Wamarekani wenyewe, ambao mchango wao ulikuwa na hatari ya kisheria. Mwaka 2000 masharti yalilegezwa, lakini funguo dhaifu zilikwisha kuzama ndani ya seva za dunia, na mwaka 2015 watafiti walionyesha, katika shambulio lililoitwa FREAK, kwamba bado zingeweza kutumiwa kuvunja mawasiliano.

Mtu atapinga kwamba mfano huu unawatukuza waliowaficha wafanyabiashara wa watumwa. Pingamizi hilo ni zito. Kuzuia utumwa kulikuwa haki, na bendera iliyomkinga mwuza watu ilikuwa kinga ya dhuluma. Ndiyo sababu ni muhimu kuona kilichoibana bendera hiyo hatimaye. Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague, iliamua tarehe 8 Agosti 1905 kwamba tangu 2 Januari 1892, Ufaransa ilipoidhinisha Mkataba wa Brussels wa kupinga utumwa, haikuweza tena kuwapa raia wa Sultani bendera hiyo, isipokuwa waliokuwa chini ya himaya yake kabla ya 1863. Waliopewa kabla ya 1892 wangebaki nayo, bila kuihamishia kwa mtu mwingine wala kwa jahazi lingine. Ufaransa ilibanwa na sahihi yake yenyewe. Kusudi jema lilihitaji mapatano ya wote.

Mwingine atasema: basi mataifa yapatane juu ya usimbaji vilevile. Yalipatana, katika Mpango wa Wassenaar wa 1996 wa kudhibiti usafirishaji wa silaha na teknolojia, na mapatano yale yaliacha nje programu zilizo wazi kwa umma. Uamuzi huo ulikuwa na busara. Majaji wa The Hague waliweza kutegemea mwenye jahazi na jahazi lenyewe. Jahazi lililo Sur haliko Zanzibar wakati huohuo. Msimbo uliochapishwa una nakala zisizo na idadi, na kila nakala ni kamili. Leseni ya kusafirisha nje humfikia anayeandika mchana kweupe kwa jina lake, mhalifu haiombi. Kwa hiyo serikali inayotaka kuwakamata wahalifu na ifuate matendo yao, kama vile kosa katika jahazi lilikuwa kumfunga mtu na kumuuza. Msimbo ulio wazi, unaolinda benki, hospitali na barua za watu wa Ibra ya Oman sawa na wa Calgary ya Kanada, uachwe uandikwe na yeyote aliye na ujuzi, popote alipo.